Wapimaji wa ramani walimwonyesha baba yangu wakwe zangu wakiwa kichwa chini

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Mimi ni bibi, simu nimeshika mwenyewe, na haya yalinitokea. Atakayebisha aje Geita nimpikie ugali, abishe akiwa ameshiba.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipendana na Masalu. Kwao ni ng'ambo ya mlima wetu.

Posa ikaletwa, baba akakataa. Watu wa kwao hakuwachukia. Tatizo njia, ilizunguka mlima mzima. "Binti yangu akiugua huko," akasema, "nitasikia ameshazikwa."

Nikagoma kula. (Viazi vya jikoni havihesabiwi.)

Ndipo wakaja wapimaji. Mzungu mmoja, vibarua, na fundi wake Bwana Ramadhani, mtu wa Tabora. Walitaka kuchora ramani ya milima na vijiji vyetu. Wakakata njia pande zote mbili za mlima, wakafyeka msitu wa kileleni ambako hata kuni hatukuwa tunafuata, wakasimamisha darubini ya miguu mitatu.

Baba akaitwa kileleni awatajie majina ya mito. Mimi nikajitolea kuwapelekea maji. Makusudi kabisa.

Kazi ilipopoa, Bwana Ramadhani, ambaye nilikuwa nimemnong'oneza shida yangu, akamwambia baba achungulie kwao Masalu kwa darubini. Baba akainama. Akainuka polepole.

"Haolewi kule. Wale watu wanatembea kichwa chini."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Ramadhani alicheka mpaka akakaa chini. Akaeleza kuwa vioo vya darubini ile hugeuza picha, wao wameshazoea.

"Sasa mzee, achana na chombo. Tazama kwa macho yako."

Msitu haukuwepo tena. Kijiji kilikuwa pale chini, moshi wa jikoni unaonekana, na mama mmoja anaanika mtama.

Baba akaweka mikono mdomoni, akasalimia kwa Kisukuma chetu. "Mwadila!"

Yule mama akainua uso. "Mwadila!" Alikuwa mama yake Masalu.

Baba akanigeukia. "Kumbe ni hapa tu." Nikamwaga maji yote ya wapimaji kwa kurukaruka.

Nikaolewa msimu huohuo wa mavuno. Baba akawa anakatiza mlimani kila mchana, anafika chakula kikiiva, mpaka Masalu akaniuliza kama ile njia haiwezi kuota miti tena.

Nilichojifunza: mtu akikukatalia kwa sababu ya umbali, usibishane naye. Mpandishe mahali aone.

Haya, nanyi semeni. Nani hapa wazee walimwambia kwa mchumba ni mbali, na mliwashawishije?