Siku Niliyokubali Kukatwa Kimeo

Harufu ya liwa ndiyo iliyojaa chumba chetu mwaka ule. Liwa, ule mti wa kunukia, ilisagwa juu ya jiwe, ikakorogwa kwa marashi mawaridi, ikapakwa mwilini mwangu kila magharibi hadi ikaingia kwenye shuka, kwenye mto na kwenye kurasa za vitabu vya shule. Wasichana wengine wa Mambrui hupakwa liwa wapate kung'ara. Mimi nilipakwa kwa sababu nilikuwa nikiwashwa. Vipele vilianzia tumboni, vyekundu na vya moto, vikapanda mgongoni na kushuka mapajani, na kila nilipojikuna viliungana vikawa mabaka yaliyovimba. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Liwa ilinipoza kwa muda mfupi, kisha ikakauka, ikapasuka na kumwagika unga kitandani, na mwasho ukawa pale pale. Mpaka leo nikipita karibu na bi harusi aliyepakwa liwa, mkono wangu hujipeleka tumboni wenyewe.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa ngozi. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kukonda huku nikila kuwashinda kaka zangu. Mikono ilitetemeka hata mwandiko wangu ukaharibika, moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa, nikaloa jasho saa ambazo wenzangu walikuwa wakijifunika. Shingo ikajaa kwa mbele. Mamkubwa, dada yake mama, alisema nimefanyiwa husuda kwa ajili ya sauti yangu, maana nilikuwa msomaji wa kaswida katika chuo cha Kurani, na mfungo sita, mwezi wetu wa maulidi, ulikuwa umekaribia. Mama alimsikiliza dada yake kwa adabu, kisha akanipeleka hospitali Malindi. Huko nilipimwa, tukaambiwa tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, nikapewa vidonge vya kuituliza. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini, na alimkazia mama jambo moja: nisikose hata kidonge kimoja. Mama alilishika neno hilo kama amana. Alinipa vidonge kwa mkono wake asubuhi na jioni, akasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha akaniambia nifungue kinywa aone. Sijapata kuona mtu mwaminifu kwa dawa kiasi kile, na uaminifu huo nusura uniue.

Vipele vilipotoka, nilisema ni vidonge. Mamkubwa akasema ni damu inachemka, akanikataza pweza, mayai na kila kilichokuwa na ladha, na yeye ndiye aliyeleta liwa. Shuleni, msichana niliyekaa naye dawati moja alihamia kwingine akidhani ni upele wa kuambukiza, nami sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi ningehama kama ingewezekana. Nilijikuna kwa rula, kwa ukuta, kwa kingo za mlango. Niliuchukia mwili wangu kwa chuki ambayo sijapata kumchukia nayo mtu. Mwishowe mama alinirudisha hospitali. Daktari alinitazama mgongo, akakubali kwamba ndiyo, vidonge ndivyo vilivyoleta vipele, lakini si vya kutisha. Akaniongezea dawa ya kuzuia mwasho na kutuambia tuendelee. Mama alifurahi sana kusikia hivyo. Alichokisikia ni kwamba binti yake hulalamika bure, na kwamba yeye hakukosea kunisimamia.

Alipokwenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa, nilibaki na daktari nikifunga vifungo vya sare yangu. Ndipo aliponiambia lile ambalo mama hakulisikia. "Vipele visikutie hofu," alisema. "Lakini ukishikwa na homa na koo likauma, acha vidonge siku hiyo hiyo, uje upimwe damu. Usingoje kesho." Nilimweleza mama tulipokuwa nje tukitafuta tuktuk. Aliitikia "haya" huku akimpungia dereva mkono, na leo najua kwamba hakunisikia.

Koo lilianza kuuma wiki ya mwisho ya mazoezi ya maulidi. Hakuna aliyeshangaa, kwani chuo kizima tulikuwa tumekaukwa na sauti. Lakini wenzangu walikunywa chai ya tangawizi wakapoa, na mimi nilishindwa kumeza hata mate. Vidonda vyeupe vilinitoka ndani ya mashavu. Asubuhi moja niliamka nikitetemeka, meno yakigongana, na nje jua lilikuwa kali. Nikamwambia mama kwamba hili ndilo daktari alilolisema. Akaniuliza alilisema lini, ilhali yeye alikuwapo. Nikaeleza habari ya dirisha la dawa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona uso wake ukijaa uchovu. Akanipa kidonge. Nilikificha chini ya ulimi, nikatoka uani nikakitema mchangani. Mama alikuwa amenifuata. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliinama akakiokota, akakifuta kwa pindo la leso, akanisimamia mpaka nikakimeza. Tangu hapo, lolote nililosema juu ya dawa lilikuwa uongo wa mtoto asiyetaka dawa.

Kabla ya adhuhuri mamkubwa akaja. Alinishika kidevu, akanimulika kinywani kwa tochi ya simu, na hakuhitaji kutazama mara mbili. "Kimeo hicho," akasema. "Kimeteremka, chagusa ulimi. Ndiyo maana akonda mtoto huyu." Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, na kwetu watoto wengi hukatwa kikidhaniwa kimekuwa kirefu. Kaka zangu walikatwa. Mama mwenyewe alikatwa alipokuwa mdogo, akapona, naye hakuwa na sababu ya kukiogopa kisu ambacho hakijapata kumdhuru mtu aliyemjua. Mkataji wetu alikuwa mzee wa kutoka upande wa Adu, na siku hiyo alikuwa tayari uani kwa mamkubwa, ameitiwa watoto wa jirani. Nilisema tena habari ya damu. Mamkubwa akanipapasa kichwa. "Waogopa kisu, mwanangu. Si aibu, kila mtoto huogopa."

Uani kwake palikuwa na mkeka, beseni la maji na sufuria ya uji uliopozwa. Kitoto cha kiume cha jirani kilikuwa kimepakatwa na mama yake, mikono imebanwa, na kilikuwa kikiapa kwa jina la Mungu kwamba koo limepona, haliumi tena, kitakula kila kitu. Wanawake walicheka kwa huruma. Mzee alikandamiza ulimi kwa kijiko, akaingiza chuma chake kirefu kilichopinda ncha, na kelele zikakatika ghafla. Kisha kitoto kikatema damu kwenye beseni, kikalia, kikapewa uji, na kila mtu akakipongeza. Nilisimama pale nikielewa jambo ambalo lilinitia baridi kuliko homa. Maneno yangu na ya kile kitoto yalikuwa sawa. Kadiri nitakavyobisha, ndivyo nitakavyothibitisha kwamba ni mwoga, na mwoga hubanwa mikono akakatwa. Kweli niliyokuwa nayo haikuwa na namna ya kutofautiana na uongo.

Basi niliacha kubisha. Sijui akili ile niliitoa wapi, maana kichwa kilikuwa kikinizunguka. Nilikwenda nikaketi mkekani mwenyewe, mbele ya mzee, nikavua mtandio, nikafungua kinywa. Kisha nikamgeukia mama. "Nakubali kukatwa," nikamwambia. "Wala nisishikwe na mtu. Lakini kwanza nipeleke nikapimwe damu. Nikirudi nitakaa hapa hapa." Sauti yangu ilikuwa imekwisha, ikatoka mnong'ono, na wanawake wakanyamaza ili wasikie. Mzee alimuuliza mama kama anakata au hakati, kwa kuwa alikuwa na pengine pa kwenda. Mamkubwa akasema huo ni ujanja tu, nikishatoka pale sitarudi. Mama alinitazama mikono. Nilikuwa nimeiweka magotini, wazi, na nilitumia nguvu zote nilizobakiwa nazo ili isitetemeke. Kisha akachukua buibui lake kwenye kamba.

Hospitali walinitoa damu, tukangoja kwenye benchi. Baadaye mpimaji akatoka akasema anataka kutoa nyingine, kwa kuwa anataka kuhakikisha. Mama akaniuliza hiyo ina maana gani, mara ya kwanza siku hiyo kuniuliza kitu kama mtu anayetarajia jibu. Daktari alikuja mwenyewe, akitembea haraka. Alituambia kwamba vidonge vimezuia mwili wangu kutengeneza seli nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, na kwamba nilizobaki nazo ni chache mno. Kidonda chochote kingeweza kuoza na sumu yake kuingia kwenye damu. Mama akauliza taratibu, "Na angekatwa kimeo leo?" Daktari akasema tushukuru kwamba sikukatwa. Mama akavuta mtandio mpaka machoni. Alilia vile, bila sauti, mpaka niliposukumwa kuingia chumba cha peke yangu, na mimi nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Vidonge vilisimamishwa, dawa zikapitishwa mshipani. Maulidi yalisomwa bila mimi. Damu yangu ilirudi kidogo kidogo, na vipele vikakauka vikaacha madoa.

Miaka imepita. Tezi yangu ilitibiwa kwa njia nyingine, na sasa naishi Kilifi, nameza kidonge kimoja kila alfajiri, cha aina nyingine kabisa, wala hakuna anayenisimamia. Kimeo changu bado ninacho. Mama naye ameifanya siku ile kuwa hadithi yake ya kujivunia. Huwasimulia wageni jinsi binti yake alivyoketi mkekani bila kushikwa, hakulia, hakupepesa jicho, na wageni hunitazama kwa heshima. Sikuwahi kumkatiza. Lakini mwezi uliopita alikuja kukaa nasi, na tulipompeleka binti yangu chanjo, mtoto alilia akasema anaogopa. Nilimpakata nikamuuliza anaogopa nini, nikamngoja aseme yote kabla ya sindano. Mama hakupendezwa. Tuliporudi nyumbani alimwambia mjukuu wake, "Wewe walizwa na sindano, na mamako hakuogopa hata kisu."

Nilikuwa nikimenya viazi. Nikamwambia mama kwamba niliogopa. Kwamba siku ile niliogopa hata nikajikojolea pale mkekani, na shukrani kwa ule weusi wa sketi hakuna aliyeona. Alicheka kwanza, akidhani namfanyia mzaha. Kisha akaacha kucheka, akaitazama mikono yangu na viazi.

"Lau ningalijua waogopa," akasema, "ningaliacha ukatwe."

"Najua, mama," nikamwambia.