Namba Iliyo Kwenye Gunia

Iko siku moja, mwanangu Cherono, ambayo sitaisahau hata nikizeeka nikasahau jina langu. Ilikuwa Jumanne, msimu wa mvua, chai imejaa mashambani mpaka watu hawajui waanzie wapi kuchuma. Nilikuwa ofisini mjini Sotik, mbele ya kompyuta, nimejiridhia kama jogoo juu ya boma. Simu ikalia. Alikuwa nyanya yako.

"Mama Cherono, mtoto ana moto. Macho mekundu, na vipele vimejaa mwili mzima. Njoo."

Kabla sijakuambia kilichofuata, acha nikueleze nilivyofika hapo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na huu nilijidunga mwenyewe.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, basi. Kuandika programu za kompyuta nilijifunza kwa kozi fupi hapo Sotik, na ofisi ndogo ya watu watatu ikanichukua. Mwaka wa kwanza tuliandika kila mstari kwa mkono, na tulikuwa na desturi moja: ulichoandika wewe, mwenzako anakisoma chote kabla hakijaenda kwa watu. Evans, mwenzangu, alikuwa mkali kwa hilo. Angeweza kunirudisha mara nne kwa neno moja. Nilimchukia, lakini kazi yetu ilikuwa safi.

Halafu AI ikaja. Unaiandikia unachotaka, kama unavyomtuma mtu dukani, nayo inakuandikia programu nzima kabla chai yako haijapoa. Kazi ya mwezi ikawa ya asubuhi moja. Sitakudanganya, ilikuwa raha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huyu mgeni tulimpa jembe siku ya kwanza, tukampa na shamba lote, tukaenda kukaa. Kusomeana kukafa. Mashine inatoa mistari mia tano kwa pumzi moja, nani ataisoma yote?

Ndipo dispensari ya huku nyumbani, upande wa Mogogosiek, ikatuomba programu ya kuwakumbusha wazazi siku za chanjo. Daftari lao lina jina la mtoto, siku aliyozaliwa na namba ya simu. Programu ihesabu miezi, itume meseji. Hiyo kazi niliitaka mimi, kwa sababu ni ya kwetu. Nikaiambia AI, ikaandika. Nikaiambia ijipime, ikajitungia majaribio yake, ikayapita yote. Nikamwuliza Evans, "Utaangalia?"

"Niangalie nini na mashine imesema iko sawa? Peleka, madam, tuanze ingine."

Nikapeleka.

Meseji ya chanjo ya surua ikafika kwa simu ya nyanya yako: mlete Kibet. Kibet ni binamu yako, mlizaliwa wiki moja, na wote wawili mlikuwa mnalelewa na nyanya kwa sababu mimi na mama yake tuko kazini. Akambeba Kibet, wewe akakuacha kwa jirani. Kijitabu chako cha kliniki kilikuwa na tarehe, imeandikwa wazi kabisa. Sikukifungua. Ya nini, na meseji nimeitengeneza mimi mwenyewe?

Basi Jumanne ile nilifika nimelowa, nikakukuta hutambui sauti yangu. Siku nne ulilala hospitalini kwa surua, macho yamegandamana, unakohoa mpaka unabadilika rangi. Nilimlaumu kila mtu. Nilimgombeza muuguzi. Nilimgeukia hata nyanya yako: kwa nini hukumpeleka mtoto wangu? Naye akasema, polepole, "Nilidhani siku yake bado. Meseji ilisema Kibet."

Nilifungua kompyuta palepale kando ya kitanda chako na kuisoma ile programu. Mara ya kwanza kuisoma! Mistari mitatu tu ilitosha. Ilisema hivi: namba moja ya simu ikitokea mara mbili kwenye daftari, hilo ni kosa la karani, futa jina lililotangulia, bakisha la mwisho. Wewe ndiwe uliyetangulia.

Mashine haikuwa na ubaya na mtu. Labda huko ilikojifunzia kila mama ana simu yake. Lakini mimi ni wa hapa! Najua simu ya nyanya mmoja inabeba wajukuu wa nyumba tatu. Ningeisoma mistari hiyo mara moja tu ningepiga kelele. Nilipiga simu dispensari saa hiyo hiyo wasimamishe programu. Ulipotoka hospitali tulikaa na muuguzi na daftari, tukatafuta kila mtoto aliyefutwa. Wengine tuliwapigia simu. Wengine tuliwafuata kwa miguu, kwenye matope, mlima hadi mlima.

Wiki iliyofuata nyanya yako akaniambia nimsindikize kupeleka majani ya chai kituoni. Kituo unakijua, lile banda la mabati lenye meza ndefu. Kila mkulima anakuja na gunia lililoandikwa namba yake, anamwaga majani mezani, anachagua mbele ya watu, anatoa vijiti na yaliyokomaa, yabaki majani mawili na chipukizi, ndipo karani anapima. Siku hiyo nyanya yako alikuwa amechumiwa na kibarua, mwanamke mwepesi wa mikono kama upepo. Karani akashika jani moja gumu kama ngozi, akaliinua juu.

"Mama, hii takataka ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Si nimeona kibarua akichuma kwako?"

"Na namba kwenye gunia ni ya kibarua? Ngoja nichague."

Akainama, akachagua mpaka jani la mwisho. Foleni nyuma inanung'unika. Mtu akasema, "Mama, utafanya tuachwe na lori la kiwanda!" Naye bila kugeuka, "Likiniacha si litarudi kesho? Wewe shika foleni yako."

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Huyo AI unayemtaja kila siku ni mtoto wa nani?"

"Mama, si mtu."

"Anakaa wapi nimwendee, nimwulize juu ya Cherono?"

"Hana anapokaa. Ni mashine."

"Basi nimwulize nani?"

"Mimi, Mama."

"Haya." Akahamisha kikapu bega la pili. "Kibarua wangu sijamfukuza. Kesho anakuja, anachuma kuliko mimi na huu mgongo. Lakini meza sijamwachia."

Ni hayo tu. Hakunigombeza zaidi, na heri angenigombeza.

Jumatatu nilimwambia Evans, "Wewe ulikuwa unanirudisha mara nne kwa neno moja. Huyo Evans alienda wapi?"

"Alichoka," akasema.

"Amepumzika vya kutosha. Mwite."

Akaja, nashukuru. Siku hizi tunafanya hivi. Kabla ya kuiambia AI neno lolote, ninaandika kwenye karatasi watu watakaoisumbua programu: nyanya mwenye wajukuu watatu kwa simu moja, mapacha, mama aliyebadilisha namba, mtoto ambaye hajapewa jina. Majaribio ya watu hao nayatunga mimi, maana mchumaji hakagui kikapu chake mwenyewe. Mashine tunaiomba kazi vipande vidogo, kiasi mtu anaweza kusoma akamaliza. Na mstari ambao siwezi kumweleza nyanya yako kwa Kiswahili cha kawaida, hautoki ofisini. Tena nikiiuliza hiyo AI, "Hapa umemfuta nani?", inanijibu vizuri sana. Ilikuwa inangoja kuulizwa. Na bado tunamaliza mapema kuliko zamani. Kilichokuwa kazi ya vidole kimekuwa kazi ya macho, na macho mimi ninayo.

Juzi msichana anayejifunza kwetu aliniambia kusoma programu ni ushamba, mashine inajua. Nilimfukuza arudi kesho yake. Alirudi, nikampa karatasi na kalamu. Wako pia wanaowaambia wasichana wetu wasijisumbue na kompyuta kwa sababu kazi imekwisha. Waongo! Majani yanapoongezeka, meza ndiyo inayotaka watu.

Kwa hiyo mwanangu, utakaposoma haya, shika hili. Ajiri kibarua mwenye nguvu kuliko wewe, usimwogope na usimwonee wivu. Ila usipeleke kwa watu kitu ambacho hujakisoma. Na mtu akiuliza hii ni ya nani, uwe tayari kusema ni yangu. Kama huwezi kusema hivyo, usiimwage mezani.

Ile karatasi ya watu wasumbufu imebandikwa ukutani ofisini. Jina la kwanza ni lako.

Mungu akukuze, binti yangu. Macho yako yaliyofunga siku nne yaone mpaka jambo dogo ambalo wengine wamelipita. Ng'ombe wa boma lako wasikaukiwe, na kila mahali utakapoweka namba yako, usimame hapo uso juu.