Mafuta Yasiyo na Dawa

Mama yangu alikuwa na miguu ya mtu aliyetembea sana, ingawa aliyetembea sana ni mimi. Yeye amekaa Masaki tangu alipoolewa. Masaki ya Kisarawe, si ile ya mjini yenye maghorofa. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi nikawajibu Masaki, huwa naona wanavyonitazama viatu kabla sijamaliza kueleza.

Alipogunduliwa kuwa na sukari, mimi ndiye niliyempeleka kliniki, kwa bahati tu, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimerudi kutoka Tunduma na sikuwa na kazi. Daktari alimvua kandambili mwenyewe akazishika nyayo zake, akapitisha kidole kwenye magaga ya visigino. Ngozi ya miundi ilikuwa imepauka na kuchoreka mistari, na juu ya mistari ile kulikuwa na alama za kucha.

"Mama, hii miguu isipasuke," alisema. "Ikipasuka ikawa kidonda, chako hakitapona kama cha wenzako. Na mimi sitaki kukukata."

Mama akajibu kwamba hata yeye hataki. Daktari akacheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Njiani aliniuliza mara mbili kama nilidhani yule bwana alikuwa anatisha tu au alikuwa anasema kweli. Alikuwa na shamba la mihogo nyuma ya nyumba na mikorosho mbali kidogo, na kwenda kwa jirani yake kila alasiri ndiyo ilikuwa starehe yake. Mguu ukienda, vyote vimekwenda.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mafuta aliyoyaweza. Yenye manukato yalimuwasha mpaka machozi. Mafuta ya mgando alisema yanamtia joto na kuchafua mashuka. Kilichobaki ni kijitube alichoelekezwa na jirani, cha duka la dawa, ambacho hakikuandikiwa na daktari yeyote. Akikipaka, muwasho ulikatika saa ile ile. Kila nilipokuja niliona ngozi mahali pale imezidi kuwa nyembamba na kung'aa, kama ganda la kitunguu. Nilimwambia akiache. Akasema nimletee kingine basi.

Miezi kadhaa baadaye nilihamia Sofu, pale Kibaha, chumba kimoja na kibaraza. Tangu nimalize kidato cha nne nimeishi Songea, Mtwara, Kahama, Tunduma na sehemu nyingine ambazo nikizitaja nitaonekana najisifu. Sijawahi kukaa karibu na mama kama nilivyokaa Sofu, na hata Sofu sikuichagua kwa ajili yake. Nilichoka tu na baridi ya Tunduma.

Mafuta niliyapata kwenye duka moja la Tangini, hapo hapo Kibaha, limebanwa kati ya fundi cherehani na mtu wa kutengeneza simu. Niliingia kukwepa mvua. Binti aliyekuwa ndani aliniamkia, akanipa kiti, na kabla sijauliza lolote akaanza kunieleza habari za kampuni kama mtu anayesoma risala. Nazi na ufuta wananunua kwa wakulima moja kwa moja na kuwalipa vizuri. Hawajaribii mafuta yao kwa wanyama. Hawauzi kitu cha kujichubua, hata ukilia. Na hawatii zile kemikali za kufanya losheni ikae miaka bila kuharibika.

"Kwa kifupi, mama, haya mafuta hayana dawa," alisema.

Nilimuuliza kama yanafaa kwa mgonjwa wa sukari. Alikuwa mkweli: alisema yeye si daktari, ila hayana manukato wala kitu kikali, na wazee wengi wanayarudia. Akaniwekea matone matatu mkononi, kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye kiwiko, akanipa na vichupa vidogo vya kujaribia nyumbani. Wiki nzima nilikuwa najipaka kwa zamu. Ya ufuta yalinifanya ninukie kama kashata. Ya nta ya nyuki yalikuwa mazuri, lakini yalinata, na kwa vumbi la Sofu nilikuwa narudi nyumbani nimevaa soksi za udongo. Ya nazi yaliingia kwenye ngozi haraka, yakatulia.

Hayo ya nazi hayakunukia kitu mwanzoni. Lakini baada ya muda kidogo, ngozi ikishapata joto, kulikuwa na harufu fulani ya mbali. Mama zamani alikuwa anachemsha tui mpaka mafuta yanajitenga, na kile kinachobaki chini tunakigombania na ndugu zangu. Mafuta yenyewe alitupaka asubuhi kabla ya shule. Alikubana katikati ya magoti yake, akakushika taya kwa mkono mmoja ili usigeuke, na mkono wa pili unapita usoni bila huruma, mpaka kwenye kope. Nilikuwa naichukia sana ile shughuli. Pale Sofu, kwenye kibaraza, nilinusa mkono wangu mpaka mpangaji mwenzangu akaniuliza kama nimeumia.

Nilirudi dukani nikachukua chupa tatu za nazi. Binti akanikazia mambo ambayo nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nilikuwa na muda mwingi wa kuyakumbuka. Alisema ndani yana maji, kwa hiyo ni kama maziwa. Yasikae penye joto. Usichovye kidole. Ukishafungua, usizidishe mwezi mmoja na nusu; na hata usipofungua, usiyaweke sana.

Jumamosi ile nikaenda. Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo, miguu ameinyoosha kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, au umebadilisha nguo?"

Nilimpa chupa. Alizigeuza geuza, akasoma maandishi kwa shida akiwa ameishika chupa mbali na macho, akauliza, "Yana dawa gani haya?"

"Hayana dawa, mama. Ndiyo uzuri wake."

Akaniangalia kidogo, akasema sawa.

Nimelirudia jibu lile mara nyingi. Neno ni moja tu. Kinachomponya mtu tunakiita dawa, kinachoua mende tunakiita dawa, na ule unga wa kuchanganya na mahindi yasibunguliwe nao ni dawa. Mimi nilikuwa nasema hii ya mwisho. Yeye alisikia ile ya kwanza. Kwa mtu ambaye daktari amemwambia anaweza kukatwa mguu, nilikuwa nimembebea kutoka Kibaha chupa tatu za kitu kisichotibu, na kumwambia ndiyo uzuri wake.

Lakini siku ile tulifurahi. Nilimweleza habari ya wanyama, kwamba kuna kampuni nyingine hupaka sungura kwanza kuona kama atadhurika. Akaniuliza sungura mwenye manyoya yote yale wanampaka wapi. Jirani yake alipofika akasimuliwa, na kuanzia pale yakaitwa mafuta ya sungura. Jioni nilimwosha miguu kwenye beseni, nikamkausha katikati ya vidole kama nilivyoelekezwa kliniki, nikampaka taratibu. Alifumba macho. Asubuhi akasema hakujikuna hata mara moja.

"Unaona?" nikamwambia. "Yanafaa."

"Nililala kwa sababu ulikuwepo," alisema.

Nililichukua kama neno la shukrani. Nikamwambia apake asubuhi na jioni, asiyaweke, yataharibika, mimi nitarudi baada ya wiki mbili kuleta mengine. Akasema amesikia.

Wiki ile ile nikapata kazi Kwala, kwenye jiko la kupikia mafundi waliokuwa wanajenga maghala. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu wa aina yangu: watu wapya kila mwezi, malori yanaingia na kutoka, hakuna anayekuuliza ulikotoka. Tulilala huko huko. Wiki mbili zikapita, nikajiambia mwisho wa mwezi. Kutoka Kwala hadi Masaki si mbali kiasi cha kusema mtu hafiki. Nimewahi kusafiri siku mbili kwenda kuona ziwa tu.

Nilipiga simu. Kila nilipopiga niliuliza, "Mama, mafuta vipi?"

"Yapo."

"Na miguu?"

"Ipo."

Nikafurahi. Nilielewa kwamba anayatumia, ila hayajaisha. Yeye alikuwa ananijibu nilichouliza. Yalikuwepo.

Ulikuwa mwezi wa nne tangu nimpelekee mafuta, jirani yake aliponipigia. Hakuanza na salamu ndefu. Aliniambia mama yangu ana mguu hauvaliki kandambili, na amemkataza asiniambie kwa kuwa nina kazi. "Sasa mimi nakwambia," alisema, "halafu mkigombana, mgombane mkiwa wote wawili hapa."

Nilifika mchana. Mama alikuwa kitandani amejifunika khanga kuanzia kiunoni, na chumba kilikuwa na harufu. Nilipoifunua khanga akageuza uso ukutani. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, kisigino kimepasuka, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ambayo sitaieleza.

Jirani ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunasubiri gari. Mjukuu wake yeye jirani alikuwa ameolewa. Mama alijiandaa siku nzima. Alifungua sanduku lake, akatoa kitenge nilichomletea kutoka Songea miaka mingi iliyopita, akakivaa kwa mara ya kwanza, na akatoa mafuta yangu. Alijipaka mwili mzima, miguu mara mbili.

"Alikuwa ananukia kama dafu lililosahauliwa," jirani alisema. "Nikamwambia, shoga, mafuta yako yamechacha. Akanijibu mafuta ya gharama ndivyo yanavyonukia, wewe umezoea ya dukani."

Nilipoingia ndani kutafuta nguo zake za hospitali nililifungua lile sanduku. Chupa mbili zilikuwa zimefunguliwa, mdomoni zimeota ukungu wa kijani. Ya tatu ilikuwa bado na utepe wake, imevimba. Chini yake kulikuwa na chupa ya chai ya Kahama ndani ya boksi lake, mashuka ya Mtwara hayajafunuliwa, viatu vya wazi vyenye karatasi ndani. Kila nilichowahi kumletea. Nilikaa kitandani na zile chupa mapajani mpaka jirani akaniita gari limefika.

Hospitalini, muuguzi aliuliza tulimpaka nini. Nilimwonyesha chupa. Akafungua, akanusa, akaweka mbali. Nikamwonyesha na kile kijitube, kilikuwa kimekaribia kuisha, maana hicho ndicho alichokuwa anapaka kila siku. Alinieleza bila ukali. Kijitube kilikuwa kimemchuna ngozi muda mrefu, visigino vikapasuka bila yeye kuhisi, kisha juu ya mipasuko akapaka kitu kilichooza. Kwa mtu asiye na sukari labda ingekuwa vipele vya siku tatu.

"Lakini haya mafuta ni mazuri," alisema. "Dada yangu anayatumia. Tatizo yanataka mtu wa kuyamaliza."

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari, yule yule, alimwambia ana bahati, na mama akamshukuru kwa adabu zote. Mama aliporudishwa wodini nilimuuliza kwa nini hakuyatumia. Sikukusudia kumuuliza siku ile, maneno yalinitoka yenyewe.

"Ulisema hayana dawa," alisema. "Mimi nina ugonjwa. Nikimaliza mafuta mazuri kwenye miguu mibovu, ukija utaona nini?"

Nilikuwa nimekuja na jibu kutoka Kwala, refu, lenye maneno ya binti wa duka ndani yake, na halikutoka.

Niliacha kazi. Nimehamia Masaki tangu kipupwe kile, nalala chumba cha mbele. Kidonda kimefunga, ila polepole sana, na mikorosho hajaiona tena. Kwa jirani anafika akiegemea fimbo, anapumzika mara mbili njiani. Daktari anasema mguu wa kushoto nao una dalili za kupasuka, kwa hiyo kazi ni ile ile: maji ya uvuguvugu, kukausha, kupaka, asubuhi na jioni. Mafuta naenda kuyachukua Tangini mwenyewe, chupa moja moja, na utepe nauvunja mbele yake. Mwanzoni alikuwa anashtuka nikiuvunja.

Safari sijaacha kuzitamani. Nikisikia honi ya gari kubwa kutoka barabarani huwa nasimama bila kujua. Yeye hunitazama.

Juzi nilikuwa nampaka, chupa imebaki robo, akanishika mkono.

"Paka kidogo."

"Kwa nini, mama? Daktari kasema yaenee vizuri."

"Yakiisha si utaondoka."

Nilimwambia siondoki. Nilimwambia mengine yako tele dukani, nitakwenda Jumatatu asubuhi na kurudi mchana. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali, kisha akauvuta mguu wake taratibu, akaufunika kwa khanga kabla sijafika kwenye kisigino.