Nani Ameandika Mabubu?

Kazini walimwita Pilipili, na kwa jina hilo hakuna aliyemwonea. Alikuwa mhifadhi wa nyaraka, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Ukimletea faili lililobanwa kwa pini yenye kutu, atakufokea kana kwamba umemletea mtoto mwenye homa bila kumfunika. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo: rafu za chuma hadi darini, feni inayolalamika, meza ya kompyuta, na meza nyingine ndefu ya kutandazia makaratasi. Kazi yake ilikuwa kufungua maboksi ya watu waliokufa na ofisi zilizofungwa, kusoma kilichomo, kisha kuandika rekodi ya kila fungu la makaratasi: kichwa chake, nani aliyeyatengeneza, ni ya miaka gani, yanahusu nini. Rekodi hizo ziliingia kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni unaotumiwa na hifadhi nyingi, ili mtu aliye mji wa mbali akitafuta jambo alipate popote lilipolala.

Kwa kuwa mfumo ulikuwa wa wengi, ulikuwa na masharti. Tarehe ziandikwe namna moja. Majina ya watu yaanze na la ukoo. Na yale maneno ya mada, yanayosema rekodi inahusu nini, hayatungwi kichwani. Huchaguliwa kwenye orodha iliyokubaliwa na kamati ya makao makuu. Pilipili aliyapenda masharti hayo kuliko mtu yeyote. "Wewe ukiandika magari na mwenzio akaandika motokaa," aliwaambia wafanyakazi wapya, "msomaji atapata nusu ya haki yake. Hii si barua kwa mchumba wako, useme unavyojisikia."

Kwa hiyo hakuwa mkaidi wa kuzaliwa. Aligombana na orodha ile akiwa muumini wake.

Siku moja gari lilishusha maboksi ya shule ya bweni iliyokuwa imefungwa zamani. Pilipili aliposoma jina ubavuni mwa boksi la kwanza, alivuta kiti akakaa. Ilikuwa shule aliyosoma mdogo wake.

Mdogo wake huyo, aliyemfuata ziwa, homa ilimchukulia masikio kabla hajajua kutamka vizuri jina la mama yao. Sasa alikuwa fundi seremala mwenye karakana yake, mke na watoto, na ulimi mkali kuliko wa dada yake, isipokuwa wake ulikuwa mikononi. Kila likizo alirudi nyumbani na alama mpya alizojifunza kwa wenzake bwenini, akamfundisha dada. Nyumba nzima ilizungumza kwa mikono. Hata mama yao alijua kugombeza kwa mikono huku akikoroga chungu.

Walimu lakini walizikataza alama hizo. Hilo Pilipili alilijua, maana mdogo wake alimweleza. Ila kusimuliwa ni kitu kimoja, na kukuta ripoti imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mkuu ni kingine. "Wanafunzi wanaorudia kutumia ishara wamefungwa mikono nyuma wakati wa masomo. Nidhamu imeongezeka. Maendeleo ni ya kuridhisha." Aliisoma mara ya pili, akatoka hadi uani, akasimama juani akiangalia ukuta. Mlinzi alimuuliza kama anaumwa. "Siumwi," alijibu. "Nataka kumpiga mtu, na ameshakufa."

Aliporudi alianza kuandika rekodi. Jina la shule katika nyaraka zenyewe lilikuwa Shule ya Mabubu. Hilo aliliacha lilivyo; ndivyo waanzilishi walivyoiita, na ushahidi hausafishwi. Alipofika kwenye neno la mada akaandika Viziwi. Skrini ikawaka nyekundu: neno hili halimo kwenye orodha, chagua Mabubu. Akaliacha tupu. Mfumo ukakataa kuhifadhi. Akaandika Watu wasiosikia. Nyekundu tena.

Alimfuata mkuu wa idara, mzee mpole aliyeogopa ugomvi kama paka aogopavyo maji.

"Mama, weka tu neno lao tusonge mbele," mkuu alisema. "Uzinduzi wa nyaraka hizi mtandaoni umekaribia na wageni wameshaalikwa."

"Mkuu, jina la shule ni lao wale wa zamani. Lakini mada ni sauti yetu. Hapo ni sisi ndio tunaosema hawa watu ni nani."

"Ni neno tu."

"Basi wewe nikuite kwa neno tu, tuone."

Pilipili akapeleka ombi kwa kamati. Jibu lilirudi limenyooshwa kama shati la ofisini: neno hilo ni Kiswahili sanifu, limeshatumika katika rekodi nyingi, kulibadili kutaleta usumbufu. Nyumbani mumewe alimkumbusha kwamba hasira ni hasara. "Hasara ya nani?" alimuuliza, na mume, aliyemfahamu mkewe, akaomba chumvi.

Uzinduzi ulipofika mlangoni, alikubali. Alijiambia kwamba ni kwa muda, kwamba afadhali nyaraka zionekane kwa jina baya kuliko zifichike. Akachagua Mabubu katika rekodi moja, akachagua katika ya pili, na kufikia ya mwisho mkono wake ulikuwa unaenda wenyewe.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa kusomea ulijaa. Waliosoma shule ile walikuja na familia zao, mikono ikiruka hewani, vicheko vikubwa, watu waliopotezana tangu utoto wakishikana mashavu. Mkuu alitoa hotuba, Pilipili akaitafsiri kwa alama. Kisha mkuu akamkaribisha mmoja wao ajaribu kutafuta kwenye kompyuta, na skrini kubwa ukutani iwaonyeshe wote. Wenzake walimsukuma seremala mbele.

Aliandika jina la mji ilipokuwa shule. Zikashuka picha: watoto kwenye mstari wa uji, watoto karakanani. Ukumbi ulichangamka. Halafu maneno chini ya kila picha yakasomeka kwa herufi nene: Mabubu, elimu. Mabubu, kazi za mikono. Mabubu, afya. Na pembeni ya kila moja: rekodi imeandaliwa na, kisha jina kamili la dada yake.

Mikono ukumbini ilitulia mmoja mmoja. Seremala aligeuka.

"Nani ameandika mabubu?" aliuliza kwa alama, ingawa jina alikuwa ameliona.

"Mimi," dada alijibu.

Hakungoja maelezo. Alichukua kofia yake na kutoka, na waliobaki wakamfuata, wengine wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Mkuu alimwuliza Pilipili wageni wanakwenda wapi. Alimwangalia kwa jicho ambalo mkuu baadaye alisema lilimfanya asilale.

Kesho yake alikwenda karakanani. Mdogo wake alikuwa anapiga randa mlango, na alimwona akiingia, lakini aliendelea hadi mwisho wa ubao. Hiyo ndiyo njia ya kiziwi ya kukufungia mlango: anakunyima macho. Pilipili akaushika ubao kwa mikono yote miwili.

"Mfumo ulinikatalia," alisema kwa mikono alipouachia. "Niliomba, wakakataa."

"Shuleni walitupiga mikono," mdogo wake alijibu, vumbi la mbao likidondoka vidoleni. "Mama alilia, wewe ulilia. Umekua, umepata kompyuta, sasa unatupiga wewe."

"Nimekwambia ni mfumo!"

"Mfumo ni nani? Ana mke? Anakaa wapi? Nipeleke nimwone."

Alisema kwa kejeli, lakini dada alimshika neno. Wiki iliyofuata kamati ilikuwa na kikao makao makuu, na wahifadhi waliruhusiwa kuhudhuria. Walipanda basi pamoja, wamekaa kiti kimoja, mdogo wake akitazama dirishani njia nzima.

Chumba cha kikao kilikuwa na zulia zito na chupa za maji mbele ya kila mjumbe. Mwenyekiti alikuwa bwana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza. Alimpa Pilipili nafasi, akamsikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema, "Dada yangu, tunaelewa hisia zako. Lakini kazi ya orodha si hisia. Bubu ni mtu asiyeweza kutoa sauti. Ndiyo maana ya neno."

Pilipili alitafsiri. Hakupunguza kitu.

Seremala aliinuka. Tangu atoke shuleni alikuwa ameapa kutotumia tena ile sauti waliyomlazimisha kuitoa, mkono wake ukiwa umebanwa kooni mwa mwalimu ili ahisi mtetemo wa sauti. Siku hiyo aliitumia. Alifungua kinywa akapiga ukelele mmoja mrefu, mnene, uliotoka tumboni. Mlango ulifunguliwa na mhudumu akachungulia akidhani kuna moto. Mjumbe mmoja alimwaga maji. Alipomaliza alimwelekea mwenyekiti na kumwuliza kwa alama, na dada akaitamka: "Umesikia? Maana mimi sijasikia. Sasa niambie mimi ni bubu au ni kiziwi."

Ungefikiri hapo neno lilikufa. Thubutu. Mwenyekiti alifuta paji la uso kwa leso, akashukuru kwa mchango, akasema suala litaingia kwenye ajenda ya kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuwa cha mwaka unaofuata.

Pilipili aliporudi kazini, waliomjua walitembea pembeni mwa ukuta. Kila hifadhi ilikuwa na ruhusa ya kuondoa rekodi zake hadharani, mradi itoe sababu. Alikaa kwenye kompyuta na kuziondoa rekodi zote za shule ile. Kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Tumewaita watu jina lisilo lao. Zitarudi neno likibadilishwa." Sentensi hiyo ikawa ndiyo anayoikuta kila mtu anayetafuta.

Mkuu aligundua kabla ya chakula cha mchana. Yule mzee mpole alipiga meza.

"Umeniaibisha! Uzinduzi umefanyika wiki iliyopita, na leo hakuna kitu!"

"Aibu ilikuwepo wiki iliyopita, Mkuu. Leo imeondolewa tu."

Alinyang'anywa nywila ya kuingilia kwenye mfumo na kupelekwa mapokezi, akaandikishe wageni na kuwaonyesha vilipo vyoo. Alikaa huko kwa miezi, na hakumnyenyekea mtu. Mwanzoni wenzake walimcheka. Halafu mhifadhi wa mji mwingine, mwanamke ambaye hawakuwahi kuonana naye, aliiona ile sentensi, akaziondoa rekodi zake za kituo cha watoto viziwi na kuandika sababu ileile. Akafuata wa hospitali moja. Akafuata wa chuo. Chama cha viziwi nacho kikaanza kupeleka watu makao makuu, wanakaa barazani kila asubuhi wakizungumza kwa mikono mbele ya kila anayepita.

Mwishowe likaja tangazo fupi. Kwa kuzingatia maoni ya wadau, neno la mada litakuwa Viziwi. Anayetafuta kwa neno la zamani ataelekezwa kwa jipya. Hakuna pole, hakuna samahani. Pilipili alilisoma akiwa mapokezi, akalichana, akalitupa. "Maoni ya wadau!" alisema kwa nguvu, na mgeni aliyekuwa anaandika jina lake akaacha kalamu. "Mtu amepayuka mpaka koo likavimba, wanaita maoni!"

Alirudishiwa nywila kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuzirekebisha rekodi zile moja moja. Mkuu alimkabidhi bila kumwangalia.

Mdogo wake hakuja mara moja. Alituma mke wake kwanza apeleleze kama neno limebadilika kweli. Kisha akaja mwenyewe, na rafiki yake wa bwenini, na viatu vyenye vumbi la mbao, akakaa meza ndefu kuwatambua watoto waliomo pichani. Hakusema amesamehe, na dada hakumwuliza. Walipofika kwenye ripoti za mwalimu mkuu, Pilipili alianza kuandika maelezo: nyaraka kuhusu nidhamu ya wanafunzi.

Kiganja cha seremala kikatua juu ya meza, pwaa.

"Futa."

"Ndivyo ripoti inavyojiita."

"Nukuu inavyojiita, halafu sema walichofanya."

Walibishana. Mikono ya rafiki iliingia katikati, ikatolewa, ikaingia tena. Mkuu alipita koridoni, akaona mikono mitano au sita inarushwa kwa hasira bila sauti, akaongeza mwendo. Mwisho Pilipili alivaa miwani yake, akaandika kwamba ripoti hizo zinaeleza jinsi walimu walivyowafunga watoto viziwi mikono ili wasizungumze kwa lugha yao. Mfumo haukuwaka nyekundu. Mdogo wake alisoma polepole, midomo imebana, akavuta boksi linalofuata na kukata kamba yake kwa kisu cha kazini.