Vioo Kumi na Sita vya Rusmini

Kinyaa cha Rusmini kilijulikana mtaa mzima. Hakunywa chai nyumbani kwa mtu kabla ya kuinua glasi na kuitazama kwenye mwanga, na mwenye nyumba akiona hivyo alijua ameshahukumiwa. Hakuzaliwa na tabia hiyo. Kwa miaka thelathini na moja aliosha chupa katika kiwanda cha dawa za mitishamba huko juu milimani, katika mji wa Semarang kisiwani Java, na kazi yake ilikuwa kuinua chupa, kuitazama, na kuirudisha majini ikiwa na doa lolote. Mtu akifanya hivyo miaka thelathini na moja, macho hayastaafu.

Mwenye macho kama hayo alijaliwa nyumba katika mitaa ya kaskazini, jirani na bandari, ambako ardhi inatitia na bahari inapanda. Bamvua ikija, maji hutoka kwenye mitaro na kutambaa barabarani, meusi, yakirudisha kila kitu ambacho watu walidhani wameshakitupa. Watu wa huko wana dawa moja tu: kuinua. Barabara ikiinuliwa, unainua sakafu yako; ukiinua yako, jirani anainua yake kwa sababu maji yote sasa yanakwenda kwake; halafu barabara inainuliwa tena. Sakafu ya Rusmini ilikuwa imeinuliwa mara tatu. Paa lilibaki palepale, na mwanawe Prayitno aliingia mlangoni akiwa ameinama kama mtu anayeingia banda la kuku.

Dirisha la mbele nalo lilibaki palepale. Marehemu mumewe alilitia mwaka waliooana: luva kumi na sita, nane kushoto na nane kulia, vioo vilivyolaliana kama magamba ya samaki, na mkono wa chuma wa kuvifungua. Siku hizo kizingiti cha dirisha kilimfika Rusmini kiunoni. Sasa kililingana na sakafu. Kufungua vioo vya chini ilibidi achuchumae, na akichuchumaa uso wake ulikuwa sawa na magurudumu ya pikipiki zinazopita nje.

Lakini nyumba haikuwa na mwanga mwingine. Kuta tatu zilizobaki ziligusana na za majirani. Bila dirisha lile chumba kilikuwa shimo, na Rusmini alikuwa na miaka sitini na nne, hana pa kushinda isipokuwa kwenye kiti kile mbele ya vioo vile.

Basi kila asubuhi alivisafisha, kwa siki na gazeti la zamani, kioo kimoja baada ya kingine, mbele na nyuma. Alichokitoa humo kilimtia kichefuchefu kila siku, na kila siku upya. Kulikuwa na chumvi iliyoganda kama ukoko. Kulikuwa na tope la pikipiki. Mijusi kafiri walikuwa wamechagua kingo za vioo kuwa choo chao, na vinyesi vyao vilikauka vikawa vigumu kama punje za mchele, kila kimoja na kichwa cheupe. Kulikuwa na mate. Kuna mtu, hakuwahi kumjua ni nani, aliyekuwa na desturi ya kutema mate akipita, na mate yale yalishuka kioo hadi kioo. Na juu ya yote kulikuwa na utando wa mafuta, laini, wa njano, wenye harufu ya vitunguu saumu.

Mafuta yale aliyajua yanakotoka. Warti, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, alikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, barazani pake, kisha akazisukuma sokoni kwa mkokoteni. Mkokoteni ule ulipita kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye dirisha. Na vioo vilikuwa vinapasuka.

Rusmini aliandika kila kioo kilichopasuka. Alikuwa na daftari jembamba la jalada la buluu, na ndani yake tarehe, kioo cha ngapi kutoka chini, upande gani, ufa umeanzia wapi. Mwisho wa kila mstari aliandika: Warti. Vioo kumi na kimoja kwa miaka minne. Mara ya tatu alitoka nje akamwambia Warti mbele za watu kwamba macho yake anayatumia kuhesabu tempe tu. Warti naye alijibu kwamba yeye angalau ana kitu cha kuhesabu. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Rusmini aliacha kula tempe za Warti, zilizokuwa nzuri kuliko zote mtaani, akawa anasema kwamba ameyaona mafuta yake na hayana tofauti na maji ya mtaro.

Mwezi wa Shaaban ulipoingia na watu kuanza kupaka rangi kuta kujiandaa kwa mfungo, Prayitno alileta matofali. Hakumuuliza mama yake. Aliyapanga ndani, chini ya dirisha, kwa safu safi.

"Mak, dirisha hili linakula vioo," alisema. "Ukuta haupasuki."

Rusmini alimuuliza yeye atakaa wapi.

"Tutaweka taa. Na feni."

"Taa na feni. Kama kuku wa kufugwa ndani."

Prayitno hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amechoka kuinua sakafu, na amechoka kuamshwa na mama yake anayefuta vioo kabla ya adhana. Mwishowe walikubaliana: fundi aje atie vioo viwili vilivyokuwa vimepasuka, na bamvua ya mwezi mpevu, ile inayoangukia nisfu Shaaban, ipite. Kioo kikipasuka tena kabla ya hapo, matofali yanapanda ukutani.

Fundi vioo alikuwa Pak Jumeri, mzee mwembamba aliyevuta sigara za karafuu na kuacha majivu popote alipochuchumaa. Jumatatu alikuja na vioo vyake vimefungwa kwenye sarong kuukuu. Rusmini alisimama nyuma yake akiwa na kitambaa. Pak Jumeri alilamba kidole, akakipitisha kwenye ukingo wa kioo, akakitazama, akakilamba tena. Kisha akatemea mate gurudumu la kikatio chake ili lisikwaruze. Rusmini aligeuka akatazama ukuta. Vioo vilipoingia aliviosha mara tatu kwa maji ya moto, na mara ya nne kwa sababu ya kukumbuka.

Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya mwezi kutimia, alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo cha pili kutoka chini, upande wa kushoto, kile kipya. Warti alikuwa ameshakwenda sokoni. Kichochoro kilikuwa kitupu, hata paka hakuwepo. Mkono wake ulikuwa na gazeti, lakini haujagusa kioo bado.

Kikalia. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja ukucha kwa meno. Ufa ukatoka kwenye pembe ya chini kushoto, ukapanda kwa mshazari polepole, ukasimama katikati, halafu ukaendelea, kana kwamba ulikuwa umepumzika.

Rusmini alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaenda kuchukua daftari. Hakuandika. Alisoma, jambo ambalo kwa miaka minne hakuwahi kulifanya. Vioo kumi na kimoja: vyote vya kushoto, vyote kati ya cha kwanza na cha tatu kutoka chini, nyufa zote kutoka pembe ileile. Mkokoteni wa kijinga, kwa miaka minne, haukosi shabaha hata mara moja. Alihisi ladha mbaya mdomoni, kama aliyekunywa kwenye glasi ya watu bila kuitazama.

Prayitno akiwa bado kazini, alimwita Pak Jumeri arudi.

"Mimi fundi vioo, Bu, si mganga," alisema Pak Jumeri alipouona ufa. Lakini alitoa pima maji mfukoni, akailaza juu ya kizingiti, akaisimamisha kando ya fremu, kushoto, kisha kulia. Kiputo cha ndani kilikimbilia ncha moja kikakaa huko kama kupe. Akapiga magoti, akagonga sakafu kwa patasi pale mguu wa fremu ulipozama kwenye saruji.

"Ukuta huu wa barabarani unatitia kila mwaka," alisema. "Fremu ina kichwa ukutani, na mguu mnao huku sakafuni, mmeumwagia zege kama nguzo ya daraja. Kichwa kinavutwa chini, mguu umeshikwa. Fremu inajinyonga. Sasa niambie, kati ya mti na kioo, kipi kitapasuka?"

Akaanza kuchimba. Kipande cha saruji cha ukubwa wa sahani kilipobanduka, harufu ilitoka kabla ya kitu kingine chochote. Pak Jumeri mwenyewe, mtu aliyelamba vioo vya nyumba za watu, alirudi nyuma akaziba pua kwa kola ya shati.

Mle ndani kulikuwa na tope jeusi linalometa, laini kama uji uliochacha. Bamvua za miaka yote zilikuwa zimepenya kwa nje, zikafika hapo, zikakosa pa kutokea. Mti wa fremu ulikuwa umelainika na una manyoya meupe ya kuvu. Maganda ya mayai ya mende yalikuwa yamebanana mstari mzima, na mende wenyewe, weupe kwa kutoona mwanga, walianza kutoka mmoja mmoja kuelekea sandali zake. Kulikuwa na mfupa wa samaki. Kulikuwa na nywele, shungi zima, na hakutaka kujua ni za nani. Juu ya haya yote, kwa umbali wa vidole viwili, yeye alikuwa akitandika mkeka wake na kuswali.

"Nani alimwambia mwashi azibe hivi?" aliuliza Pak Jumeri.

Mwashi alikuwa amekufa, na marehemu hajibu. Ingekuwa rahisi kumsingizia. Rusmini aliikumbuka siku ile vizuri: mwashi alikuwa amesema, Bu, tuache nafasi ya kidole, nyumba zetu zinatembea. Naye alikuwa amesimama juu yake na kitambaa mkononi, akamwambia kwamba hataki tone la uchafu wa mtaro liingie nyumbani kwake, aongeze saruji, aongeze tena.

"Mimi," alisema.

Pak Jumeri hakucheka. Aliwasha sigara. Alieleza kwamba kuna njia moja: kukata zege pande zote, kuondoa mti uliooza, na kuiachia fremu nafasi ya kidole ili ijongee. Kulipandisha dirisha haiwezekani, kwa kuwa kichwa chake kilishagusa boriti. Na silikoni haishiki kwenye mti ulioshiba chumvi, inachunika baada ya mwezi.

"Kwa hiyo maji yataingia," alisema Rusmini.

"Yataingia, Bu. Na yote yanayoyabeba."

Prayitno aliporudi jioni alikuta shimo, uvundo, na mama yake akimwaga maji ya moto yenye sabuni ndani ya shimo kwa mara ya saba. Alisimama, kichwa kimegusa dari, akasikiliza maelezo yote. Kioo kilikuwa kimepasuka. Angeweza kudai ahadi. Alitazama matofali, akatazama mende waliokufa kwenye beleshi.

"Kwa hiyo chagua, Mak. Tofali, au maji ya choo ya mtaa mzima yakutembelee ndani."

Rusmini alifikiri mpaka maji kwenye birika yakapoa. Alimwona yule aliyekuwa akitema mate, akamwona mjusi, akayaona manyoya ya kuvu.

"Yaje," alisema. "Nitayafuta."

Fremu ikaachiwa, na kioo kipya kikatiwa mahali pa kile kilichopasuka. Siku ya nisfu, baada ya Alasiri, bamvua ilipanda. Maji yalijaza kichochoro, yakafika kwenye kizingiti, kisha yakaingia kupitia nafasi ile ya kidole, taratibu, bila haraka, kama mgeni anayejua kwamba amealikwa. Yalileta magamba ya samaki ya sokoni. Yalileta mafuta yenye rangi saba. Yalileta kitu laini cha kahawia ambacho Rusmini alikitazama mara moja tu, akajua. Alifunga kanga ya pili juu ya pua, akashika ufagio na kitambaa, akapiga magoti, akaanza. Alikamua ndani ya ndoo, akafuta, akakamua. Mara mbili alikwenda nyuma akatapika, akasukutua, akarudi. Prayitno, bila kuambiwa, aliibeba ile ndoo.

Kabla ya Magharibi fremu ililia, mlio wa mti unaojinyoosha. Wote wawili wakaganda. Vioo kumi na sita vilitikisika kidogo kwenye vishikizo vyake, vikatulia. Hakuna kilichopasuka.

Kesho yake Prayitno aliyaondoa matofali chini ya dirisha, akayaweka manne manne chini ya miguu ya kabati la mama yake, ili nguo zisilowe.

Warti alipopita na mkokoteni, Rusmini alikuwa amechuchumaa mahali pake, vioo viko wazi. Alimwita. Alisema yote bila kupunguza, kuanzia zege hadi mende, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusema vitu kwa mpangilio.

Warti alisimama, mikono kiunoni.

"Yaani miaka minne unanitukana kwa ajili ya saruji yako mwenyewe?"

"Ndiyo, Yu," alisema Rusmini, akimwita dada.

"Na tempe zangu ukasema zimekaangwa kwa maji ya mtaro."

"Hilo nilisema kwa hasira."

Warti aligeukia karai la mafuta lililokuwa mkokotenini. Akachovya kidole gumba humo, akainama, na kwa utulivu mkubwa akakibandika katikati ya kioo cha pili kutoka chini, upande wa kushoto, akakizungusha. Akamtolea tempe mbili kwenye jani la mgomba, akazipitisha kati ya luva, akaondoka akisukuma mkokoteni wake.

Rusmini alizila zote mbili. Alama ya kidole ilikuwa mbele ya macho yake, nono, ya njano, yenye mistari yote. Aliivumilia mpaka mkokoteni ulipopinda kona. Kisha akachukua siki na gazeti.