Wakili alisema "kesi imetajwa", mimi nikachinja jogoo

Wakuu, hamjambo huko mliko. Shule yangu ni kidogo, mtanivumilia. Lakini hii ni kweli tupu, na shahidi ni mguu wangu wa kushoto, mpaka leo unaburuta.

Miaka ya sabini nilikuwa nabeba magunia ya chumvi pale Malaba mpakani, kupakia lori za kuvuka Uganda.

Boss wetu Saidi akapanga magunia juu sana. Tukamwambia, boss, hii itaanguka. Akasema bebeni.

Ikaanguka. Juu yangu.

Nikashika wakili Busia amshtaki Saidi anilipe mguu, anaitwa Wabwire. Ndiyo, namtaja jina. Yeye mwenyewe alipenda sana kutaja.

"Mzee, kaa nyumbani Funyula upone. Nitakuita."

Nikakaa wee. Nikachoka, nikaenda kumuona.

"Kesi yako imetajwa," akasema, huyo akapita na koti lake jeusi.

Sasa mimi ningejua nini? Kwetu ukitajwa mbele ya wakubwa, ni heshima. Nikarudi nikamwambia mke wangu Nafula, "Nimetajwa kortini!" Akapiga vigelegele. Tukachinja jogoo.

Mara ya pili, imetajwa. Jogoo mwingine. Majirani wakaniita Bwana Kutajwa, wakawa wanauliza ni lini tena, maana wamezoea nyama.

Mara ya tatu Nafula akaweka kisu chini.

"Baba Wandera, kuku zinaisha. Enda uulize wanakutaja wakisema nini."

Nikaenda na fimbo yangu. Nikamkuta Wabwire hotelini anakula samaki.

"Kutajwa ni kupanga siku tu, mzee. Hearing yenyewe, ya kusikiza kesi, ilikuwa wiki jana. Hukuja, hakimu ametupa kesi."

"Na nani aliniambia?"

"Nilituma dereva wa lori."

"Dereva gani?"

Akatoa mfupa mdomoni. "Yule wa Tororo."

Wakuu, Tororo ni ng'ambo, Uganda! Mimi nakaa Funyula!

Nikamwambia airudishe hiyo kesi. Akasema tutaona. Sijaona mpaka leo.

Kwa hivyo wewe uliyeumia kazini, wakili akitoa neno la korti, mshike koti. Maana yake nini? Siku gani? Mimi natakiwa wapi? Hata kama hakuna jipya, akwambie hakuna. Na akwambie yeye, si dereva.

Nafula akitaka kunichokoza bado anauliza, "Baba Wandera, leo hujatajwa?"

Haya, nanyi tajeni mawakili wenu hapa chini. Jogoo sina.