Dereva wa Pili wa Pikapu Yetu

Leseni ninayo, naendesha vizuri, halafu naambiwa nisiguse gari! Mwaka mzima nililisikia neno hilo ndani ya nyumba yangu hapa Katesh, na mwaka mzima liliniuma.

Wakati ule mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na bima ungeweza kukata hata kwa kampuni za watu binafsi. Mume wangu, mwalimu, aliikatia pikapu yetu bima kubwa. Wakala akamweleza wazi kwamba inamhusu dereva aliyeandikwa tu. Mke asiyeandikwa akiendesha, akagonga, kampuni haitengenezi kitu. Basi mwalimu akiwa darasani, pikapu imelala uani, na mimi nakodi magari ya watu kufuata vitunguu saumu Mbulu. Faida yangu yote ilikuwa inaishia kwa wenye magari.

Bima ilipokaribia kwisha nikamwambia, "Baba watoto, safari hii niandikishe. Wanaruhusu dereva wa pili."

"Usijali, mama," akasema.

Akaenda Babati, akarudi jioni, macho hayatulii. Nikamuuliza kama nimeandikwa.

"Nimemwandika kaka."

Kaka yake mkubwa wa Endasak! Mzee yule hajashika usukani tangu azaliwe, na wakala wala hakudai leseni.

"We mwanamume, una akili kweli?" Nilishindwa kujizuia.

"Kaka aliuza ng'ombe wake tukanunua hilo gari," akasema taratibu. "Ningeanzaje kumruka, nikamtaja mke wangu?"

Kwetu kaka mkubwa harukwi. Kwenye nyama, kwenye mahari, kwenye kikao cha ukoo, yeye kwanza. Nalijua hilo na naliheshimu. Lakini kwenye bima? Jamani!

Jumapili baada ya ibada tukaenda Endasak, mwalimu akiendesha, mimi nimenuna njia nzima. Niliogopa pia. Mzee akikasirika, basi tena, nitakodi magari ya watu mpaka nizeeke.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama. Karibuni."

Mume wangu akazungukazunguka. Akauliza mahindi, akauliza maharage, akauliza ndama. Nikaona hatufiki, nikalisema mwenyewe suala la bima.

Mzee akamgeukia mdogo wake. "Mimi hata baiskeli ilinishinda. Ng'ombe wangu niliwauza ili gari lifanye kazi, wewe unalifungia uani eti kwa heshima yangu? Kesho nenda ukanitoe. Umwandike huyu."

Nililia pale pale, mbele yao, wala sikuona aibu.

"Ila safari ya kwanza," mzee akaongeza, "mbele nakaa mimi."

Bima iliporekebishwa nikampitia kwake asubuhi. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Kwenye kona za kupanda Mbulu alishika mlango kwa mikono miwili. Juu kabisa tukasimama kupooza injini. Mzee mwenzake aliyekuwa akipita na mbuzi wake akanitazama nikiwa kwenye usukani, akamuuliza, "Nani huyo anakuendesha?"

Shemeji yangu akanyoosha koti lake.

"Dereva wetu," akasema. "Yumo kwenye bima."